Kuchora kwa Kuzodolewa

Mimi ni bingwa wa kuanza mambo. Waulize wanangu. Nilianza kufuma sweta, likaishia mkono mmoja. Nilianza kuogelea, nikaishia kununua nguo ya kuogelea. Nilianza Kifaransa kwa jirani yangu Mkongo, nikajua kusalimia na kuomba chumvi, basi. Kwa hiyo siku niliporudi nyumbani na daftari la kuchorea na penseli, hakuna aliyeshangaa. Mwanangu wa mwisho aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama anaweza kulichukua daftari nikishalichoka.

Wazo lenyewe nililipatia kazini. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Sutton Coldfield, hapa Uingereza, na mchana wakishakula, wazee wangu husinzia kwenye viti vyao mmoja mmoja. Wewe unabaki umekaa, unawatazama. Zile sura, jamani! Kuna bibi mmoja ana mikunjo huwezi kuimaliza kuitazama, na hata akiwa usingizini anaonekana anagombana na mtu. Nikatamani kuzichora sura zile, na nilitamani kweli, si utani.

Nikajiandikisha darasa la bure maktaba, kila Jumamosi. Mwalimu alikuwa kijana mmoja mpole mno, na upole wake ndio ulionimaliza. Waingereza bwana! Ukimwonyesha duara lililopinda, anasema safi sana. Ukimwonyesha chupa inayoanguka, anasema ameipenda ilivyo na uhai. Siku moja nilimwonyesha karatasi niliyokuwa najaribia kama penseli imechongeka, akainamisha kichwa upande, akanisifu kwa ujasiri. Nikasema hapa nadanganywa. Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya mechi Aston, nikajiambia mabasi yatajaa, siendi. Ya pili hakukuwa na mechi, na sikwenda vilevile.

Daftari lingeenda kwa mwanangu kama si mtani wangu.

Mimi ni Mpare, yeye ni Mchaga. Kwa asiyejua, makabila yetu haya ni majirani wa milimani, na ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, popote, hata msibani kwenu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unaruhusiwa kujibu tu. Huyu wangu anaishi mtaa mmoja na mimi hapa Kingstanding. Ni mjane, mpishi wa shule, mwanamke wa sauti kubwa, na ana binti mmoja mkubwa aliyezaliwa hapa hapa Birmingham. Tulipokutana mara ya kwanza kanisani, aliposikia mimi Mpare alishika mkoba wake kwa mikono miwili, eti nisimwibie. Tangu siku hiyo ni ndugu yangu.

Jioni moja alikuja kunywa chai, akaliona daftari. Nikamwomba akae nimchore. Akajiweka sawa, akavuta kilemba, akaangalia dirishani kama mke wa rais. Nilipomaliza alikichukua kile nilichokichora, akakitazama karibu, akakitazama mbali.

"Mtani," akasema, "huyu ni mimi au ni mbuzi aliyeona kisu?"

"Ni wewe."

"Na macho yangu yamefuata nini huku juu kwenye paji la uso? Halafu karatasi yote hii nyeupe, mimi umenibana kwenye kona. Nyeupe hii unamwekea nani? Ama kweli Wapare! Hata karatasi mnaibania!"

Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Alipoondoka tu nikachora tena, nikiwa nimenuna, sura kubwa imejaa ukurasa mzima. Siku aliporudi akasema sasa nimemchora kama gunia. Nikachora nyingine.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Anakuja na chupa yake ya chai ya tangawizi, anavua viatu, anakaa kwenye kiti kile kile na kusema, "Haya mtani, niharibu." Mimi namuuliza Mchaga gani huyu anayeweza kukaa kitako saa nzima bila kuuza kitu. Yeye hucheka, nami humkemea asicheke, mashavu yanahama. Siku moja alichoshwa na macho yangu ya kwenye paji, akachukua kijiko cha chai, akajipima uso kuanzia utosini hadi kidevuni. "Ona! Kutoka juu mpaka jicho, na kutoka jicho mpaka chini, sawasawa. Macho yapo katikati ya kichwa, mama. Huku juu ni pa kufikiria, kama una cha kufikiria." Mwalimu wa maktaba alikuwa ameshaniambia jambo hilo hilo kwa lugha ya adabu, na lilikuwa limepita tu.

Siku nikiwa nimechoka, sitaki hata kuiona penseli, alikuwa anapiga simu.

"Umeshaacha?"

"Nani kaacha?"

"Nauliza tu. Nilitaka hizo karatasi nifungie maandazi."

Basi, nani angelala? Nilichora wazee wangu wakisinzia, nikachora abiria kwenye basi, nikachora birika, nikachora mguu wangu mwenyewe. Na nilikuwa naanza kuweza, naona. Nilikuwa na furaha ambayo sikumwambia mtu.

Kisha mtani wangu akapata kiharusi.

Hospitali walisema ni kidogo. Mdomo haukupinda na maneno yalirudi upesi, ila mkono wa kulia ulibaki mzito, vidole havitii. Aliporudishwa nyumbani, mtaalamu wa mazoezi alimwachia mpira laini wa kuminya. Akamweleza wazi, na binti akiwa anasikia, kwamba mkono usipofanyishwa kazi miezi hii ya mwanzo, huenda ukabaki hivyo hivyo. Mtani akaitikia kwa kichwa. Mpira ukawekwa dirishani na haukuguswa. Binti alibembeleza, wapi.

Watu wa kanisani walikuja na masufuria. Pole mama, pumzika mama, usijishughulishe, acha nikulishe. Walikuwa na mapenzi ya kweli, sisemi vibaya. Ila kila aliyemlisha kijiko alimwacha amepungua kidogo, na mwanamke yule wa sauti kubwa akawa anaongea kama mgeni kwenye nyumba yake.

Nilimpelekea picha niliyomchora kwa kukumbuka, nikakaa kumsubiri anishambulie. Aliitazama.

"Nzuri," akasema. "Asante, mtani. Umechora vizuri."

Moyo ulinifanya paa! Nakwambia, niliogopa kuliko siku ile alipopelekwa hospitali. Mtani akishakuwa na adabu, basi ameshaanza kuondoka.

Nikapanga kumchokoza. Nilikwenda nyumbani nichore picha mbaya kupita zote, ile ya mbuzi iwe na nafuu. Na hapo ndipo nilipokutana na balaa jipya: mkono ulikataa. Nikiyapandisha macho juu, yanarudi katikati yenyewe. Nikiipinda pua, inapinda kwa namna ambayo bado ni pua yake. Ebo! Nilikuwa nimejua kuchora siku ambayo kujua hakuna faida. Mwishowe nikamwongezea masharubu na masikio ya punda, nikampelekea.

"Nzuri," akasema.

"Ina masharubu, mtani."

"Yamekaa vizuri."

Nikamwambia nimesikia migomba yote ya Moshi imenyauka, Wachaga wamehamia kwenye makande kama sisi. Akasema makande ni chakula kizuri. Nilitoka pale kwenda kazini, nikalia kituoni, basi likanipita.

Siku iliyofuata nilikwenda na daftari, sina hila yoyote. Nilikaa mbele yake nikamchora alivyo. Mikono ndiyo migumu kuliko vyote, na sisi tunaoanza huwa tunaikwepa kwa hila nyingi, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa pale mapajani, kiganja juu, na mwalimu alikuwa ametuambia tuchore tunachokiona. Nikauchora kidole kwa kidole. Ulinichukua muda mrefu kuliko uso. Kisha nikampa.

Alikaa nayo. Binti alikuwa anaosha vyombo jikoni, mlango wazi, akaacha maji.

"Huu mkono ndivyo ulivyo?"

"Ndivyo ulivyo."

Machozi yakamtoka bila sauti. "Umenichorea mkono uliokufa, mtani."

"Haujafa. Umenuna tu, umemwiga mwenyewe."

Akajifuta machozi kwa mkono wa kushoto. "Lete hiyo penseli."

Binti akaja mbio amsaidie, akaambiwa akae. Mtani aliichukua penseli kwa mkono wa kushoto, akaipachika kwenye vidole vya kulia kimoja kimoja, ikaanguka, akaipachika tena. Akaanza kunichora. Alitoa ulimi nje, jasho likamtoka juu ya mdomo, bega zima likawa linausukuma ule mkono. Ilipoanguka tena alipiga meza kwa kushoto na kudai aokotewe. Mimi nilikaa wima, hata chai sikugusa.

Alipomaliza akaigeuza tuione. Kichwa kilikuwa na pembe. Mdomo ulikuwa mstari uliotoka mpaka nje ya uso, na jicho moja lilikuwa peke yake huko pembeni, halina habari na lenzake.

Binti akasema kwa Kiingereza kwamba ni ya kupendeza, mama, ni ya ajabu kabisa. Sauti ilikuwa ya yule mwalimu wa maktaba, na mtani wangu akaanza kuishusha karatasi taratibu. Binti akanitazama, macho yananiomba na mimi niseme hivyo hivyo.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, huku naogopa.

"Mtani! Huyu ni mimi, au ni kiazi kilichokanyagwa na basi? Na jicho langu hili, limehama nyumba?"

"Anti!" binti akapiga kelele.

Nikasema moyoni, nimemuua. Mtani aliinua uso polepole, na mishipa ya shingo ikamsimama.

"Mpare usiye na haya wewe! Mimi nimepata kiharusi, unanicheka?"

"Kiharusi kimekupata mkono, hakikukupata macho. Hivi ndivyo unavyoniona?"

Alinikodolea macho. Binti alisogea aichukue ile penseli, na mama yake akaikwepesha, vidole vya kulia vimeing'ang'ania.

"Nipe karatasi nyingine," akasema. "Na ufunge mdomo, sijui kuchora meno."