Pikipiki Bubu Yadai Nafasi Yake Kituoni

Ni asubuhi, na dereva wa bodaboda amelala chali kwenye kibaraza cha chumba ambamo mkewe hushonea nguo. Amebana bisibisi kwa meno. Mkononi ana kitufe cheupe alichokitoa kwenye friji bovu, kile kinachobonyezwa mlango ukifungwa, taa ikazimika. Anakifunga chini ya pikipiki, mahali ambapo stendi ya pembeni inakunjuka.

"Friji limekufa, kitufe kizima," anasema baada ya kutema bisibisi. "Vitu havifi vyote siku moja. Watu wana haraka ya kuzika."

Leo ni leo. Asipomridhisha mwenyekiti wa kituo chake, hatapakia tena abiria pale alipopakia kwa miaka kumi na mitano.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya petroli. Injini ilipokufa, kila fundi alimshauri aipeleke kwa wauza vyuma chakavu. Yeye akaing'oa injini peke yake, fremu akabaki nayo.

"Nusu ya nilichopata kilikuwa kinaishia kwenye tangi," anasema. "Nilikuwa kibarua wa petroli. Nikasema basi."

Mota aliipata kwenye bajaji ya umeme iliyopondwa na lori. Betri aliiunda kwa seli za kompyuta zilizotupwa, akizipima moja moja, kwa sababu seli moja goigoi huzivuta zote chini. Mfuko wa betri ni wa turubai zito, kazi ya mkewe.

"Alitaka sanduku la bati," anasimulia mke huyo bila kuinua macho kwenye cherehani. "Nikamwambia, baba watoto, bati na umeme havikai nyumba moja. Akanuna. Halafu akaja na turubai."

Wenzake kituoni waliita pikipiki hiyo Bubu, kwa kuwa haina mlio. Walitaka kumuudhi. Akachukua rangi nyekundu akaliandika jina hilo kwenye tangi, herufi kubwa.

Lakini mazoea yana taabu. Pale kituoni, abiria akichomoza tu, kila dereva hupiga resi akiwa amesimama. Mngurumo ndio salamu, na ndio tangazo la biashara. Siku ya kwanza ya Bubu, alitokea mama mwenye mizigo, na mkono wa dereva wetu ukafanya ulichozoea.

Bubu haingurumi. Bubu inaondoka. Iliivaa pikipiki ya mwenyekiti, nayo ikaiangukia ya jirani, mpaka mstari mzima ukalala chini. Hakuna aliyeumia, ila kioo cha mwenyekiti kilivunjika na heshima yake ikapata mikwaruzo.

"Chombo kisicho na sauti ni chombo cha mwizi," mwenyekiti alitamka, akamfukuza. Baadaye alilegeza kidogo: Bubu irudi ikiweza kumpandisha yeye mlima wa hospitali, na isiruke tena.

"Kioo nilikiombea radhi na nikakibadilisha," anasema dereva. "Bubu siiombei radhi."

Mwenyekiti ni mtu wa kitambi. Leo anapopanda nyuma, matairi yanatepeta. Katikati ya mlima Bubu inapunguza mwendo, naye anainama sikioni kwa dereva. "Unaona sasa?"

"Naona kilele, Mwenyekiti."

Wanafika. Wanarudi kituoni. Dereva anaweka stendi chini, anashuka, ufunguo ameuacha umewashwa. Mwenyekiti anasogea mbele kwenye kiti, anakagua vioo, anashika usukani. Hapo anatokea kijana mwenye begi.

Mkono wa mwenyekiti unapiga resi mpaka mwisho.

Bubu haitikisiki. Stendi imekibonyeza kitufe cha friji, na umeme umekatika. Mwenyekiti anautazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Madereva wanacheka mpaka mmoja anakaa chini.

"Kumbe ni mkono," anasema mwenyekiti polepole.

"Ni mkono. Nilisema tangu mwanzo, hamkutaka kunisikia."

"Haya, panga foleni. Nenda mwisho."

"Mwisho ni kwa aliyechelewa, Mwenyekiti. Mimi leo nilifika wa tatu, mkanizuia." Anaisukuma Bubu hadi nafasi ya tatu, na hakuna anayemwondoa. Macho yake yamelowa, wala hayafichi.

Sasa anapanga kufungua karakana pembeni ya cherehani ya mkewe, azigeuze pikipiki zilizokufa injini ziwe za umeme. Madereva watatu wameshamuuliza, kila mmoja kwa kunong'ona. Wa nne ni mwenyekiti, ambaye anataka ya kwake ifungwe spika ya kunguruma.

"Nitamfungia," anasema. "Lakini kitufe cha friji kwanza."