Kipini cha Fundi

Fundi alikuwa akishona sare za shule tangu usichana wake, na mikono yake haikujua kutulia. Ndiyo maana alicheka kidogo alipoambiwa kwamba pua iliyotobolewa haitaki kushikwashikwa. Mtogaji, mwanamke wa makamo mwenye kibanda kando ya duka la dawa, hakucheka. Alimvika kipini kidogo, akampa masharti kama hakimu: maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, kitambaa safi, asubuhi na jioni. Asikizungushe. Magamba asiyabandue, ayaloweke yatoke yenyewe. Na asikivue hata kimuume vipi, maana tundu bichi huziba upesi.

Jambo moja mtogaji hakulitaja: wifi.

Huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Ndoa yake ilipovunjika alikuja kuishi nao, na sanduku moja na ulimi wake. Mume alikuwa dereva wa malori, wiki nenda wiki rudi yuko njiani, basi nyumba ikabaki ya hao wawili, ambao hawakuwahi kupatana hata juu ya mahali pa kutundika chujio.

Siku Fundi alipotoka kutogwa, wifi alimtazama pua, kisha akauliza kama ameolewa upya bila wao kuarifiwa. Jioni akampigia ndugu yake simu, kasimama mlangoni makusudi ili asikike. Haukupita muda mume akampigia Fundi, akafoka kwamba asikikute hicho kidude akirudi. Fundi akamwambia pua ni yake, akakata simu. Tangu waoane hakuwahi kumkatia. Ndani alisikia raha kali, kama mtu aliyerudisha kofi la zamani.

Kuanzia hapo ikawa vita. Maji ya chumvi aliyoyaacha yapoe aliyakuta yamemwagwa. Wifi akasema alidhani ni uchafu. Foronya safi aliyoitenga ya kulalia, kidonda kisichafuke, ikageuzwa kishikio cha sufuria. Kazini vumbi la vitambaa lilimpigisha chafya hadi machozi yakamtoka, na mezani wifi alikunja uso akisema kuna kitu kinaoza. Kidonda kilikuwa chekundu kweli na kilitoa majimaji, ingawa mtogaji alishamwambia hilo ni la kawaida. Lakini ukiambiwa unanuka kila ukikaa kula, mwisho unaanza kujinusa. Fundi akawa anakula jikoni, amesimama.

Asubuhi moja alikuwa ananawa uso uani, uzi wa taulo ukanasa kwenye kipini. Sabuni ilikuwa machoni, hakuona kitu. Akaita. Wifi akaja, sauti yake laini ajabu.

"Tulia, wifi, nikunasue."

Fundi akatulia. Vidole vikashika kipini, vikazungusha, vikavuta. Maumivu yalimpiga hadi kisogoni. Alipofumbua macho, damu ilikuwa inadondokea beseni, na wifi kasimama juu ya mfereji wa maji machafu, mkono mtupu.

"Kimeponyoka," akasema. "Afadhali. Sasa utapona."

Fundi aliinuka kutoka kwenye beseni. Alibana taulo puani, akatoka mbio hadi kibandani. Mtogaji aliuliza nani kafanya hivyo, na alipoambiwa akasonya tu, akavaa glavu, akatoa kipini kipya. Tundu lilikuwa limeshaanza kujikaza. Safari hii iliuma kuliko ya kwanza, na Fundi alikamata kiti hadi kucha zikapauka.

Aliporudi, wifi alikuwa anapika huku akiimba. Fundi alibandika maji yake kwenye jiko la pili, akasimama akiyalinda.

"Ukinigusa tena," akasema bila kupandisha sauti, "nitakuvunja vidole."

"Unanitisha kwenye nyumba ya ndugu yangu?"

"Nyumba hii niliipanga mimi kabla sijamjua ndugu yako. Muulize."

Wifi hakuwa na habari hiyo, na Fundi aliona inavyomshuka taratibu, chungu kama shubiri. Siku hiyohiyo alitia kufuli mlango wa chumba chake, akayafungia humo maji, chumvi na foronya.

Mume alirudi. Alimtazama mkewe puani, akamtazama dada yake, akaomba chakula. Dada alingoja afoke. Mume aliposhika kijiko badala ya kufoka, dada alimwita bwege, akafungasha sanduku na kuhamia kwa shangazi yao, bila kuaga. Huko akaeneza kwamba Fundi alitaka kumuua kwa maji ya moto.

Kidonda kilichukua miezi, kikaacha kinundu kidogo ubavuni mwa tundu. Ndugu wa mume hawaji tena. Wakikutana msibani, wanawake wa ukoo husogeza viti mbali naye. Fundi huketi peke yake, mgongo wima, wala hamsalimii asiyemsalimia.