Makaa ya Koko Noela

Juzi mdogo wangu alifungua kitabu cha hadithi za Warusi, nikamwona tena yule mchawi ambaye nyumba yake husimama juu ya miguu ya kuku. Papo hapo nikasikia harufu ya uani kwetu Bertrams, mtaa wa ugenini nilikokulia.

Siku moja nikiwa mtoto, umeme ulikatika, mama akanituma kuomba makaa ya moto kwa Koko Noela, bibi Mkongo mwenzetu aliyechemsha miguu ya kuku ya kuuza. Nami nilikuwa nimefika katikati ya kitabu hicho hicho, pale msichana anapotumwa kwa mchawi kuomba moto. Kucha za kuku zilichungulia kwenye povu la sufuria.

“Umetumwa, ao umekuja mwenyewe?” Koko aliniuliza.

Ndivyo mchawi alivyouliza kitabuni. Nikapiga ukelele: “Mchawi!”

Kwetu neno hilo si la hadithi. Vicheko vya wasusi waliokuwa wakisuka nywele pale uani vilikatika. Mmoja akasimama, akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Koko alifunika sufuria yake polepole.

Kitabu nilikimaliza baada ya Koko kuhama kwa sababu ya neno lile. Mchawi alimpa msichana moto.

Na sisi, jioni ile ile ya ukelele wangu, tulikuta mlangoni kwetu kopo la Koko, makaa yakiwaka bado.