Kamba Niliyoilegeza

Kamba niliilegeza mimi. Jambo hili nimelikana kwa zaidi ya miaka ishirini, mara nyingi bila hata kuulizwa, na mara moja nikiulizwa uso kwa uso na mtu aliyestahili jibu. Nimelikana kwa Kiswahili fasaha na, nilipokuwa masomoni Ulaya, kwa Kiingereza kibovu. Nimelisimulia kwenye sherehe kama kichekesho, mkosaji akiwa mtu mwingine, na wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kusimulia najua. Ndiyo kazi inayonilisha.

Tulikuwa wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu, na likizo ile ndefu tulipelekwa Handeni kuishi na wananchi katika kijiji cha ujamaa. Tulipaswa kulima mihogo nao asubuhi na kuwafundisha kusoma jioni. Mwenyekiti wetu alikuwa kijana ambaye hajawahi kushika jembe, lakini aliweza kukueleza historia yake tangu zama za mawe. Katibu nilikuwa mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Wa tatu alisomea uhandisi. Baba yake alikuwa manamba, mkata katani katika shamba kubwa karibu na Korogwe, na yeye alizaliwa kambini humo. Alikuwa mkimya, na alikwisha kuchaguliwa kwenda kumalizia masomo ng'ambo. Wa nne alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Tanga mwenye duka, malori mawili na gari la kutembelea. Tulimwita Bwanyenye. Si kisogoni, mbele yake, asubuhi, badala ya salamu.

Kila jioni tulifanya kikao cha kujikosoa. Kwa wasioukumbuka utaratibu ule: mtu anasimama, anataja makosa yake, wenzake wanamsaidia kukumbuka aliyoyasahau. Mwenyekiti alikuwa hana makosa ila kufanya kazi kupita kiasi. Mimi niliungama kuwa mkali kwa wazembe. Kisha tulimgeukia binti.

"Ndugu, una sabuni ya kunukia," mwenyekiti alisema.

"Nakubali, ndugu. Sabuni inanukia."

"Unacheka wakati wa kazi."

"Nakubali. Nimecheka."

"Na unalalia godoro, wakati mkulima analalia ngozi."

"Nakubali. Lakini mama mwenye nyumba ndiye anayelilalia sasa. Mgongo unamsumbua."

Jibu hilo sikuliandika kwenye muhtasari. Wanawake wa kijiji walimpenda kwa namna ambayo hawakunipenda mimi, niliyewafundisha irabu zote tano. Walimfundisha Kizigua, naye akakosea, nao wakacheka pamoja. Mimi nilikosea pia, mimi walinisahihisha.

Kazi ilipokwisha zilibaki siku tano kabla ya lori kuja kuturudisha. Mhandisi wetu alikuwa ametuambia kwamba watoto wa manamba huteremka mtoni juu ya tyubu za matrekta, na akawa amefanya kosa la kuonyesha kwamba utoto wake ulikuwa na raha. Mwenyekiti akakata shauri: tutapiga kambi Korogwe kando ya mto na kuteremka kwenye maji ya kasi, ili, kama alivyosema, tujifunze nguvu ya pamoja. Tulipata hema la turubai, unga, dagaa, tyubu nne zilizozibwa viraka, na bunda la kamba ya katani.

Tulikuwa tunajaza tyubu upepo pale ukingoni alipokuja mama mmoja kuteka maji. Aliweka debe chini, akatutazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mwaenda wapi na mipira hiyo?"

"Tunateremka mto, mama."

"Kwani barabara imefungwa?"

Mwenyekiti akamweleza habari za vijana na ujasiri. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kule chini, mto ulikobanwa na mawe.

"Pale hata kiboko hutoka majini akapita kwa miguu. Naye mto ni wake." Akajitwisha debe lake. "Haya. Labda nyie mmesoma."

Tulikuwa tumesoma. Kwa hiyo tulipiga kura.

Mhandisi alipendekeza tuteremke sehemu ya maji matulivu tu, tutoke kabla ya mawe, tubebe tyubu zetu kichwani. Alisema anayafahamu yale mawe. Wao utotoni hawakuyapita. Mwenyekiti akasema wazo hilo ni la mtu mmoja, tuone wengi wanasemaje. Alinyoosha mkono. Nilinyoosha mkono. Binti alitutazama, akamtazama mhandisi, akanyoosha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa upande wa wengi, na alifurahi waziwazi, kama mtoto aliyeitwa kwenye mchezo. Tatu kwa moja. Mto haukuwa na kura.

"Basi," mhandisi akasema, "niacheni nifunge mwenyewe."

Alizifunga kabla jua halijazama. Tyubu nne, mraba, kila mtu na yake ya kukalia, kila moja imeshikwa na jirani zake wawili kwa mafundo. Alitueleza huku akifunga, na ndiyo siku niliyomsikia akisema maneno mengi zaidi: katani kavu ni kamba tu, lakini ikilowa inabana, na fundo lililofungwa vizuri likilowa hulifungui tena, unalikata kwa panga. Asubuhi atayamwagia maji mafundo yote kabla hatujashuka.

Ningependa kusema nilichofanya kilitokana na msimamo wa kitabaka. Ningependa sana, maktaba nzima ingenitetea. Sababu ilikuwa hindi la kuchoma. Jioni ile mhandisi alichoma hindi moja alilopewa na watu wa jirani, akalivunja katikati, akampa binti nusu. Halafu akanikumbuka. "Dada katibu, samahani, nilidhani umeshiba." Nilikuwa nimekaa karibu naye kwa wiki sita. Nilikuwa nimejifunza jina la kila sehemu ya injini.

Alfajiri wenzangu wakiwa bado wamelala, nilikwenda kwenye tyubu ya binti, nikafungua mafundo yake mawili. Nilihangaika nayo mpaka kucha ikang'oka. Kisha nikayafunga upya kwa kitanzi, kama kamba ya kiatu. Mpango wangu ulikuwa mdogo na wa kijinga: tutakaposhuka tu, hapo ukingoni kwenye maji ya kiuno, tyubu yake itachomoka, izunguke, apige makelele, alowe na pomada yake, sisi tucheke. Nilikuwa nimekwisha kuandaa la kusema: "Bwanyenye amejitenga na umma."

Kisha mhandisi aliamka, akateka maji, akamwagia fundo baada ya fundo. Hakuyakagua. Kwa nini ayakague? Aliyafunga kwa mikono yake. Na katani ikafanya kama alivyosema: ikalowa, ikabana. Ilibana hata vitanzi vyangu. Si sana. Kiasi tu.

Tuliposhuka majini, tyubu haikuchomoka. Nilisubiri. Tulipita maji ya kiuno, tukapita kwenye matete, binti akicheka na kurusha maji kwa mikono, nami nikimtazama kwa hasira kama mtu aliyenunua tikiti ya sinema na picha haianzi. Nilikuwa na muda wa kusema. Nataka hilo lieleweke. Tangu ukingoni mpaka kwenye mawe nilikuwa na muda wa kusema sentensi moja, tena fupi, na mimi ni mtu wa sentensi. Nilifikiri: labda imeshika. Nilifikiri pia: nikisema, atajua.

Ilifunguka kwenye jiwe la kwanza. Sisi watatu tulipigwa tukazunguka, tukatokea upande wa pili tumelowa na tukiwa wazima. Yeye alikwenda peke yake upande ambao maji yalikuwa yanakwenda. Tyubu ilisimama wima, ikapinduka, na tulipomwona tena alikuwa kati ya mawe mawili na mto ukimsukuma. Mhandisi alijitupa. Alimtoa. Sikuwahi kusikia mtu akilia vile, na nilikuwa nimepanga kuucheka mlio wake.

Tulimbeba kwenye turubai la hema mpaka barabarani, na lori la katani likatufikisha hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika, na walichokiweza kukifanya walikifanya. Tangu siku ile mguu wa kulia anauburuta.

Tukiwa kwenye benchi nje ya wodi, nguo hazijakauka, mwenyekiti akasema tufanye kikao.

"Fundo lilikuwa la nani, ndugu?"

"Langu," mhandisi alisema. Mkononi alikuwa na kipande cha kamba. Alikuwa akikigeuza na kukigeuza. "Haikukatika. Imefunguka. Fundo langu halifunguki."

"Lakini limefunguka."

"Limefunguka." Akanigeukia. "Dada katibu, wewe uliamka mapema. Uliyaona mafundo yamekaa sawa?"

Nilikuwa nimeficha kidole chenye kucha iliyong'oka ndani ya kiganja.

"Niliyaona yamelegea," nilisema. "Nilidhani ndivyo unavyofunga."

Alikubali kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyeonyeshwa alipokosea hesabu. Kisha akasimama, maana utaratibu ni kusimama, akajikosoa. Alisema alikuwa na hasira ya kushindwa kura na huenda hasira ndiyo iliyofanya mikono yake izembee. Hilo hatukumfundisha; alilitafuta mwenyewe, kwa sababu ilibidi liwepo. Niliandika kila neno. Kwenye muhtasari niliongeza neno "kwa makusudi", halafu nikalifuta, nikaliandika tena likiwa na alama ya kuuliza. Nilijiona mwadilifu kwa ile alama ya kuuliza.

Muhtasari ulifika chuoni kabla yetu. Nafasi ya ng'ambo akanyang'anywa: mhandisi asiyeaminika na fundo ataaminikaje na daraja? Ilipewa mtu mwingine kutoka kundi letu, wa fani nyingine, aliyependekezwa kwa uandishi wake makini. Naam. Nilikwenda. Kulikuwa na baridi sana, na nililalamika kwa barua.

Yeye aliacha masomo muhula uliofuata, akarudi Korogwe, akapata kazi ya kutunza stoo. Binti alikuwa bado anatibiwa kule, na kila Jumamosi alimpelekea machungwa. Baba wa Tanga hakutaka kusikia habari za mtoto wa manamba, mpaka ilipodhihirika kwamba hakuna posa nyingine itakayokuja kwa binti anayeburuta mguu. Wakaoana.

Miaka mingi baadaye nilipita Korogwe kwa msiba wa ndugu, nikaenda kuwasalimu nyumbani kwao Kwamndolwa. Nilipokelewa vizuri mno. Alikuwa amemjengea mkewe njia ya zege isiyo na ngazi kutoka mlangoni mpaka chooni. Tulipokuwa tunakunywa chai alikuja jirani kumwomba amsaidie kufunga magunia kwenye baiskeli, naye akacheka, akasema, "Mwite mwanangu. Mimi siaminiki na kamba." Jirani naye akacheka, ni wazi alikwisha kuzoea. Mke alikuwa anamimina chai. Hakuinua uso.

Nilirudi nyumbani nikakaa na maneno yale mwaka mzima, na mwaka wa pili macho ya mhandisi yalipoanza kuharibika kwa kisukari nilipata habari, nikaona niandike kabla hajachelewa kusoma. Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Nilimwambia yote: kucha, kitanzi, hindi. Nilimwambia fundo lake lilikuwa zuri. Nakiri niliisahihisha mara nne, na mara ya tatu nilibadilisha aya kwa ajili ya mtiririko.

Wiki tatu baadaye simu ya ofisini kwetu ililia, nikaitwa. Alikuwa mkewe, kutoka dukani kwa kaka yake.

"Barua imefika," alisema. "Nimeisoma mimi."

"Na yeye?"

"Yeye hasomi tena. Macho yamekwisha. Namsomea mimi."

"Umemsomea?"

"Hapana."

Nilianza kusema ana haki ya kujua. Nililisema vizuri, nadhani. Aliniacha nimalize, kama yule mama wa debe.

"Mimi nilijua tangu hospitali," akasema. "Nilikuwa nimelala, sijafa. Kucha yako niliiona ulipokuja kuniaga. Wiki nzima nilipanga kumwambia. Jumamosi akaja na machungwa, akayamenya, akanilisha. Nikasema nitamwambia Jumamosi ijayo. Amekuja Jumamosi zote, shoga. Unajua alikuwa anamjia nani? Alikuwa anakuja kwa lile fundo. Nikimwambia si lake, atakuwa amekuja kwa nani?"

"Labda angekuja tu."

"Labda. Ulitaka nijaribu?"

Nikamwuliza kama ninaweza kuandika, hata bila majina, kwa ajili ya nafsi yangu.

"Andika. Weka gazetini, weka kitabuni. Nikimsomea, nikifika hapo nitaruka."

Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamume, ya upole, ikiuliza ni nani huyo anayeongea naye muda wote huo.

"Wamekosea namba," alimwambia, na simu ikakatwa.