Vieux Arekodi Wimbo wa Mwisho

Rapa yule mkongwe, ambaye mtaa wetu mzima wa Mususa ulimwita Vieux, yaani Mzee, alirekodi albamu yake katika studio yangu mwaka ule wa vita. Kila alipoingia alivua saa ya mkononi ili maikrofoni isinase mlio wake, akasukutua kwa maji ya tangawizi, kisha akaweka kiganja kwenye godoro nililolipigilia ukutani kuzuia kelele. Alighani mistari yake akiwa amefumba macho, vidole vikipiga mdundo pajani. Sauti yake ilikuwa nzito, lakini hakuipaza. Alisema na maikrofoni kama na mgeni aliyeketi karibu.

Mchana mmoja aliimba wimbo wa mwisho vizuri kuliko nyimbo zote. Katikati yake risasi zikalia mlimani, zikaingia kwenye rekodi.

“Vieux, tuache hivi,” nilimwambia. “Batu batasikia vita ya kweli.”

“Hapana. Muke wangu atasikiliza hii akiwa anapika. Ile sauti anaijua, ilimukimbiza kule Beni na mutoto mugongoni. Donc basi, futa.”

Alisimama nyuma yangu mpaka nikafuta, moyo ukiniuma. Tukangoja mlima unyamaze. Aliporudia, sauti ilikuwa imechoka, ikakwaruza katika ubeti wa pili. Hiyo ndiyo iliyotoka.

Baadaye nilimkuta mkewe jikoni akimenya viazi, wimbo ule ukilia redioni. Ulipofika kwenye mkwaruzo alicheka kidogo, akafuta mkono, akaongeza sauti.