Dakika Kumi na Tisa kutoka Baraka hadi Lulimba

Niliondoka Baraka kwa sababu ya Sifa, binti wa marehemu dada yangu, anayeishi Lulimba na baba yake. Alikuwa ameposwa huko, na kwetu mahari haipokelewi kama mjomba hayupo. Baba wa kijana, Papa Wilondja, alitafuta kwenye simu yake umbali wa uwanja wa ndege wa Baraka hadi ule wa Lulimba, akaambiwa kilomita tisini, dakika kumi na tisa. Akawatangazia watu wake kwamba mjomba anakuja kwa ndege. Kwamba ndege yenyewe haipo, simu haikusema.

Alhamisi alfajiri nilipanda pikipiki ya Bahati, kijana anayebeba abiria. Saa mbili Papa Wilondja alinipigia kuuliza kama nimeondoka. Nilikuwa nasukuma pikipiki kwenye tope, nikajibu huku nahema kwamba ndiyo. Dakika kumi na tisa baadaye akapiga tena.

Mjini Fizi, saa sita mchana, tulikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Mama mwenye mkahawa, aliponisikia nikijitetea kwenye simu, aliuliza kama ndege imeharibika. Nikamwambia haijawahi kuwepo. Akasema basi haiwezi kuchelewa.

Jioni, tukiwa tumekwama tena, Sifa alipiga analia.

"Mujomba, banasema unabazarau. Kama haufike kesho mbele ya saa sita, banarudisha mambuzi yabo ya mahari."

Huyo ndiye pekee dada yangu aliyeniachia.

Ijumaa saa tano tuliiona Lulimba, tope likiwa limetufika masikioni. Sifa alitusimamisha kabla hatujaingia. Wazee wote, alisema, walikuwa uwanja wa ndege tangu jana, na viti na ngoma, katikati ya mbuzi wanaokula majani. Nikitokea barabarani, Papa Wilondja ataonekana mwongo mbele ya ukoo mzima, na hasira yake itaivunja ndoa.

"Pitia mu majani, mujomba. Utokee mwisho ya uwanja."

Nilikasirika sana. Mtu mzima mwenye wajukuu, nijifiche majanini nijifanye nimeshuka kutoka mawinguni? Lakini Sifa alikuwa anavutavuta pindo la kitenge chake kama mama yake alivyofanya akiwa na hofu. Nikapita majanini.

Nilitembea uwanja mzima peke yangu na begi langu, ngoma zikipigwa. Hakuna aliyeuliza ndege iko wapi. Papa Wilondja aliangalia viatu vyangu, akaangalia mbingu, akanipa mkono.

"Karibu, mukwe," alisema. "Kule juu iko matope mingi."

Mahari ikapokelewa saa sita kasoro dakika chache. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Jumapili asubuhi walinisindikiza hadi uwanjani kwa ngoma. Niliaga, nikaingia majanini alikokuwa Bahati na pikipiki.

Jumatatu jioni nilifika Baraka nikiwa hoi kwa njaa, nikamwuliza mke wangu kama kuna chakula. Akacheka. Jana, dakika kumi na tisa baada ya kuniaga, Papa Wilondja alimpigia kuuliza kama nimefika. Mke wangu hakutaka kumwaibisha mkwe mpya wala kumharibia Sifa ndoa.

"Nilimujibu, ameshafika, iko nakula."

Basi nimejifunza kwamba safari hiyo kweli ni ya dakika kumi na tisa. Inahitaji watu wengi wenye roho nzuri, ndege si lazima. Mke wangu akapakua, nami nikala kwa mara ya pili.