Mlima Mbele ya Matundu

Rosalba Quiceno hakuwahi kuupima moshi wa jengo lile peke yake. Kwa miaka kumi na miwili waliifanya kazi hiyo wawili, yeye na mumewe Gildardo, kila Novemba: yeye juu penye paa la kioo, mume chini ukumbini, wakiitana kupitia uwazi wa ghorofa saba. Mfumo wa kuutoa moshi, moto ukizuka, waliusanifu wenyewe. Gildardo alipiga hesabu, Rosalba akazikagua.

Gildardo alizikwa Agosti. Mpaka mkewe alipopata nguvu ya kurudi Bogotá kazini, ilikuwa tarehe kumi na sita Desemba. Pango la Krismasi, lenye mlima, punda na kondoo wa sanamu, lilikuwa limeshajengwa ukumbini, na jioni ile watu wa jengo wangeanza sala za siku tisa za kuingojea sikukuu.

Bawabu, aliyeitwa kwa heshima don Evelio, aliwasha mashine ya moshi wa majaribio. Mafeni ya paani yakanguruma. Moshi ulitakiwa kupanda na kutoka, hewa safi ikiingia chini kwenye matundu ya ukutani. Ulipanda kidogo, ukasita, kisha ukajitandaza ghorofa ya tatu kama mgeni asiyejua kuaga. Huko doña Tulia, mpika kahawa, alikuwa akiusukuma mlango wa ngazi kwa bega, na mlango haukubali.

“Zimeni madude yenu!” alipiga kelele. “Nasukuma kama punda, na punda mwenyewe kakaa hapo chini kwenye majani ananitazama!”

Rosalba, safari hii akiwa chini ukumbini, akazima mafeni. Mlango ukaachia ghafla, Tulia nusura aanguke na trei yake.

Basi Rosalba akajua. Mafeni yalikosa hewa ya kuvuta, yakavuta milango. Alitazama yalipo matundu. Mbele ya matundu hayo ulisimama mlima wa karatasi na gundi, mita sita kwa upana, kanisa dogo jeupe kileleni.

“Kila mwaka huwa hapo, mhandisi,” Evelio alisema. “Marehemu ndiye aliyeuleta. Alisema matundu yale yanamtia aibu Mtoto Yesu.”

“Najua, don Evelio. Upande mmoja niliubeba mimi.”

Walipima Novemba, wakaleta mlima Desemba. Wataalamu wawili, miaka kumi na miwili, hawakuwahi kuziweka siku hizo pamoja.

“Tia sahihi tu kwenye ripoti, mama. Ni siku tisa. Watu wameshaalika wajukuu.”

“Kwa ajili ya hao wajukuu ndiyo maana siwezi. Niletee kisu.”

Mlima ulikuwa umeganda kwa gundi ya miaka, haukutoka mzima. Aliukata mwenyewe. Nyuma ya kipande cha pili alikuta mwandiko wa penseli wa Gildardo: urefu na upana wa kila tundu, umepimwa vizuri, ili mlima uyafunike yote, lisibaki hata moja. Alisimama akiusoma mpaka Evelio akageuka na kujifanya anapanga kondoo.

Wakapima tena. Moshi ukapanda wima, ukatoka. Ghorofa ya tatu Tulia aliufungua mlango kwa kidole, safari hii bila mzaha.

Kwenye ripoti palikuwa na mstari wa chanzo cha kasoro. Rosalba aliandika jina la mumewe, kisha lake chini yake.

“Kanisa nilibakize?” Evelio aliuliza.

“Hapana. Hilo nipe.”

Akaondoka nalo kifuani, gundi ikimwachia vumbi jeupe kwenye koti jeusi.